Masaa mawili kila usiku, na udi bado unanikatalia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naishi Tanga, kazi yangu uhasibu. Mwaka juzi ndugu yangu aliniletea udi, ile ala ya nyuzi, kutoka Cairo, na tangu hapo nimejifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu. Napiga masaa mawili kila usiku baada ya isha, sikosi. Nyimbo ninazozijua zimefika 14. Lakini mpigaji sijawa. Nikiwa peke yangu zinakwenda. Mbele ya watu nakwama katikati, na nikikwama siwezi kuendelea mpaka nianze upya. Mke wangu anasema kosa analolisikia leo ndilo alilolisikia mwaka jana. Je, nimechelewa kuanza? Sina kipaji? Au bado sijatimiza yale masaa 10,000 wanayoyasema watu? Nimekutumia sauti ya dakika nne usikilize.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sauti yako nimeisikiliza mara sita, tatu za mwisho nikiwa na udi wangu mapajani ili tufuatane. Kabla sijaenda mbali, nifikishie salamu kwa shemeji, maana jibu ameshakupa yeye, ila hukulipokea kama jibu. Kosa la leo ni lile la mwaka jana. Mtu aliyelirudia kosa moja masaa mawili kila usiku kwa mwaka na zaidi, huyo mazoezi hakuyakosa hata kidogo. Amelifanyia kosa mazoezi ya kutosha mpaka likakomaa. Mkono haujui lipi sahihi na lipi si sahihi, unashika tu kile unachorudiwa.

Habari ya kipaji na ya umri tuiweke pembeni kidogo, nitaijia. Kwanza nikuoneshe nilichokisikia.

Wimbo wako wa kwanza uko katika Rasti, moja ya makamu (ngazi za nota) za Kiarabu, na unauanza vizuri. Ningekusikia kwa sekunde ishirini za mwanzo tu ningesema huyu bwana ana mwalimu. Tatizo linaanza mstari wa pili, pale lahani inaposhuka kutoka Sol kuja Fa, Mi, Re na kutua Do. Umeupitia mstari huo mara nne katika ile sauti, na mara zote nne Mi imetoka imepinda, wewe ukasimama, ukaguna kidogo (mguno nao umeurekodi), kisha ukarudi mwanzo kabisa wa wimbo.

Nina hakika wewe unaamini kosa liko kwenye Mi. Kwenye Mi ndipo linaposikika. Lilipozaliwa ni nyuma yake.

Chukua udi sasa hivi ufuatane nami. Sol unaipiga kwenye uzi wake ukiwa wazi, risha (kile kipande cha kupigia nyuzi) inakwenda chini. Fa haipo kwenye uzi huo, iko kwenye uzi wa Re, ambao kwa jinsi udi unavyokaa pajani uko juu zaidi, upande wa kidevu chako. Wewe umezoea mkono wa kulia uende chini, juu, chini, juu, kama msumeno. Kwa hiyo baada ya Sol kwenda chini, zamu ya Fa ni kwenda juu. Lakini risha yako wakati huo imebaki chini ya nyuzi za Sol. Ili iifikie Fa kwa kwenda juu lazima ivuke zile nyuzi za Sol, na inapovuka inazigusa. Sikiliza tena rekodi yako kwa utulivu, utasikia ka sauti kadogo, kama mtu aliyegonga kikombe na kijiko, kabla tu ya Fa. Hako ndiko kosa. Kukwangua huko kunakuchelewesha kidogo, ukichelewa unakimbilia Mi ili kufidia mizani, na kidole cha shahada kikikimbia hakichagui pa kutua. Basi Mi inalaumiwa bure.

Wapigaji wa udi wa kwetu na wa Misri wana kawaida moja ambayo kwenye video za dakika tano haisemwi kwa sababu haioneki: ukihama uzi, anza na risha ya chini. Sol chini, inua mkono kidogo, Fa chini tena. Mwanzoni utaona unapoteza muda kwa kuinua mkono. Hupotezi. Uzito wa mkono unaanguka wenyewe, na nota ya uzi mpya inapata kifua. Udi ukipigwa kama msumeno unatoa sauti nyembamba ya gitaa la watoto, na hiyo nayo nimeisikia kwako, usinikasirikie.

Basi kazi yako ya wiki hii ni nota mbili. Usicheke. Mkono wa kushoto uache kabisa: piga uzi wa Sol ukiwa wazi, kisha uzi wa Re ukiwa wazi, risha chini zote mbili, polepole kiasi kwamba katikati yake ungeweza kusema "bismillah". Ukisikia kile kikombe na kijiko, bado. Kikipotea, weka kidole kwenye Fa: Sol, Fa. Kisha Sol, Fa, Mi. Kisha ongeza nota moja iliyo kabla ya Sol, ili uingie mahali pale ukitoka safarini, kwa sababu hata kwenye wimbo wenyewe hutafika pale ukitoka kupumzika. Washa metronomu ya simu, ile inayokugongea mizani, iweke mapigo 50 kwa dakika. Ukipata sawa mara tano mfululizo, ipandishe ifike 54. Ukikosea mara mbili, rudi 50 bila manung'uniko. Kwenye sauti uliyonitumia unapiga karibu 90, na kwa 90 hujawahi kupatia mstari huo hata siku moja. Sasa kwa nini unaurudia kwa 90?

Nalijua jibu, kwa sababu hata mimi nililitoa. Kupiga kwa mwendo wa wimbo kunapendeza, na polepole kunachosha. Mwalimu wangu, mzee wa Malindi hapa Unguja, alinipa nyuzi wazi na risha peke yake kwa wiki tano. Wiki tano! Nilikuwa na miaka kumi na saba na binamu zangu walikuwa wanasubiri kusikia wimbo. Nikawa naitika "ndiyo mwalimu" kwake, nikifika nyumbani napiga nyimbo za redioni. Wiki ya tatu akanisikiliza kama dakika moja, akauliza, "Nyumbani unapiga nini?" Nikasema hizi hizi nyuzi wazi. Akanishika kifundo cha mkono wa kulia akakitikisa kama anavyotikiswa kuku anayepimwa uzito. Kilikuwa kigumu kama ubao. "Hizi nyuzi wazi hazikazi mkono namna hii," akasema, na siku hiyo hakunifundisha kitu kingine, tulikunywa kahawa tu nikaenda zangu. Niliona haya kuliko ningechapwa.

Kwa hiyo nikikwambia masaa yako mawili si mazoezi, sisemi kwamba umeyapoteza. Umekuwa unajiburudisha, na mtu aliyetoka kwenye hesabu za watu kutwa nzima ana haki ya kujiburudisha. Lakini kuburudika na kujifunza ni kazi mbili. Ukijiburudisha unapita haraka penye ugumu na kukaa penye raha, na ukijifunza unafanya kinyume chake. Tazama hesabu yako mwenyewe kwa jicho la mhasibu: kila ukikwama mstari wa pili unarudi mwanzo. Maana yake kwa kila jaribio moja la mahali pabovu, unalipia sekunde ishirini za mahali ambapo tayari pazima. Mwanzo wako ni mzuri kwa sababu umeupiga maelfu ya mara, na mwisho wa nyimbo zako ni dhaifu kwa sababu hujaufikia mara nyingi hivyo.

Sasa turudi kwenye Mi, maana ingawa tumeiondolea lawama, nayo ina lake. Udi hauna vile vyuma vya shingoni vya gitaa vinavyokuwekea nota mahali pake. Shingo ni laini, nota unaitafuta wewe. Na Mi ya Rasti si Mi ya kinanda wala si Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni), iko baina yao. Pima: udi wa Kiarabu wa kawaida, uzi wake una urefu wa takriban sentimita 61 kutoka kizuizi cha juu mpaka kwenye daraja. Kwenye uzi wa Re, Mi bemoli iko kama sentimita 3.4 kutoka kizuizini. Mi kamili iko kama 6.7. Mi ya Rasti inaangukia karibu na 5, na wazee wengi huipandisha juu kidogo ya hapo. Ukihamia Bayati, makamu nyingine, Mi hiyo hiyo kwa jina inashuka kidogo. Tunazungumzia milimita chache, unene wa ncha ya kidole. Kidole kinachokimbia hakiwezi kuzipata.

Wengine hubandika alama za karatasi shingoni. Kwa wiki moja sitakugombeza. Zaidi ya hapo jicho litakuwa linafanya kazi ya sikio, na siku alama ikibanduka utabaki kipofu. Na ile programu ya simu ya kukazia nyuzi itumie kwa nyuzi wazi tu: Do, Sol, Re, La na kushuka chini. Ukiipigia Mi ya Rasti, mshale utakwambia umekosea, kwa sababu simu inajua kinanda peke yake. Nimepata wanafunzi walioiharibu Rasti yao kwa kuitii simu. Nyimbo zao zilitoka safi, zimetuniwa sawasawa, na hazina ladha kabisa, kama mchuzi wa nazi uliosahauliwa chumvi.

Dawa ya Mi ni koo. Kabla hujaigusa nota kwa kidole, iimbe. Usiniambie huna sauti, sikuhitaji jukwaani. Imba ule mstari wa pili polepole bila udi, na maneno yake. Ukiweza kuimba Mi ile kama unavyoisikia kwa waimbaji, kidole kitajirekebisha chenyewe maana kina pa kulenga. Ukishindwa kuiimba, kidole hakina habari kinatafuta nini. Na maneno yana faida ya pili. Beti zetu nyingi za taarabu zinakwenda kwa mizani 8 na 8, kipande kwa kipande, na msomaji wa mashairi anajua pa kuvuta pumzi. Mpigaji asiyejua maneno anavuta pumzi popote, anakata neno katikati. Kwenye wimbo wako wa pili umeweka nakshi ndefu nzuri, lakini umeiweka juu ya silabi ambayo mwimbaji angekuwa bado anaisema. Nakshi inakaa kwenye mapengo. Msikilize Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyetamba Mombasa. Alikuwa anaimba na kupiga mwenyewe, na udi wake haugombani na sauti yake. Unangoja amalize, ndipo unajibu. Msikilize yeye peke yake mwezi mzima, wimbo mmoja au miwili, ukiwa huna udi mkononi. Kusikiliza huku unapika au unaendesha gari hakuhesabiki.

Muda. Masaa mawili baada ya isha, ukiwa umetoka kazini na umekula, ni mengi kwa mwili na machache kwa akili. Baada ya dakika thelathini hivi sikio linachoka na halikwambii kwamba limechoka, linaacha tu kulalamika. Gawa. Dakika 25 alfajiri kabla ya kazi kwa ile kazi chafu: nyuzi wazi, mstari wa pili, Mi. Dakika 25 usiku, nusu yake kwa mambo yale yale ya asubuhi ili uone yamebaki mangapi, na nusu kwa wimbo wowote uupendao, hapo piga hata kwa makosa, ni burudani yako. Jumla haifiki saa moja. Najua itakuuma kuona unapunguza. Na kwenye ile kazi chafu usikae mahali pamoja mara mia. Chagua sehemu tatu mbovu kutoka nyimbo tofauti, zizungushe: hii dakika tatu, ile dakika tatu, ya tatu, kisha rudi ya kwanza. Utajiona umekuwa mjinga kila unaporudi, kwa sababu mkono umesahau kidogo na lazima ukumbuke upya. Kule kukumbuka upya ndiko kunakojenga. Ukirudia kitu kimoja mara mia mfululizo, unajiona bingwa usiku na asubuhi hakipo.

Ukipata sawa, acha, kalale. Watu wengi wakipata sawa mara moja hurudia "ya kuhakikisha" mpaka wakosee, kisha wanaweka udi chini wamekasirika, na hicho cha mwisho ndicho wanacholala nacho.

Hayo masaa 10,000 yametoka wapi? Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Wale bora kabisa, walipofika miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa takriban masaa 10,000. Baadaye, mwaka 2008, mwandishi Malcolm Gladwell akaifanya namba hiyo kuwa maarufu dunia nzima, na watu wakaichukua kama nauli: ukilipa unafika. Wewe mhasibu unajua wastani ni nini. Kuna waliokuwa juu yake na waliokuwa chini yake. Tena kwa saa moja kila siku bila kukosa, 10,000 ni miaka 27 na ushee. Mimi sidhani kwamba unataka kushindana na vijana wa Berlin. Unataka kupiga wimbo mzima mbele ya wageni bila kusimama, na hilo halikai mbali hivyo. Kilichonigusa mimi katika utafiti ule ni jambo jingine ambalo halikupata umaarufu: wale bora walikuwa wanapiga kwa vipindi vyenye mapumziko, wengi wao asubuhi, na walikuwa wanalala mchana. Yaani walikuwa wanapumzika kwa bidii.

Umri, basi. Miaka 34 si mingi. Mtoto wa miaka minane ana vitu viwili ambavyo huna: muda, na kutoona haya. Lakini wewe una kimoja ambacho yeye hana, unaweza kuambiwa "kosa lako liko kwenye risha, si kwenye Mi" ukaelewa na ukalishughulikia leo leo. Mtoto huyo ningemzungusha miezi mitatu. Kuhusu kipaji, nimefundisha watu wenye masikio mepesi ajabu ambao leo hawapigi, na wengine waliokuwa wazito ambao leo ninawaita nikiwa na shughuli. Zaidi ya hapo sina la kusema, na anayekwambia anajua zaidi anakuuzia kitu.

Tuje kwenye kukwama mbele ya watu. Unadhani ni woga. Woga upo, lakini woga huingia palipo na ufa. Ufa wako ni kwamba nyimbo zako zote 14 zina mlango mmoja tu wa kuingilia, mwanzoni. Umeziunga kama shanga: kila nota inavutwa na iliyo kabla yake. Uzi ukikatika, huna pa kushika. Mwaka wangu wa nne nilipewa taksimu (kipande cha ala peke yake, cha kubuni papo hapo) ya kufungulia wimbo kwenye harusi moja Ng'ambo. Nikapanda mpaka juu kwa mbwembwe, nikapotea. Sikujua nirudi wapi. Mpiga ganuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) aliyekuwa kushoto kwangu, bila hata kunitazama, akaishika Sol akaitetemesha, akaitetemesha, mpaka mimi nikaisikia, nikaifuata kama mtu anayefuata sauti ya muadhini akiwa amepotea mashambani. Watu wakapiga makofi, walidhani tumepanga.

Wewe huna mpiga ganuni, lakini una mke mwenye sikio. Gawa wimbo mmoja katika sehemu sita, ziandike namba kwenye karatasi: mbili za ubeti, kipokeo, kile kipande cha ala peke yake, na kadhalika. Mpe shemeji karatasi. Akiwa anafanya shughuli zake aseme tu "nne", na wewe uanzie sehemu ya nne, papo hapo, bila kujikumbusha kwa kupiga ya tatu. "Mbili." "Sita." Wiki ya kwanza itakuwa fedheha. Ya tatu utakuta ukikosea mahali unarukia mlango ulio karibu na wimbo unaendelea, na msikilizaji hajui kitu. Jizuie pia kusimama. Kwenye zile dakika za burudani za usiku, weka sharti: kosa likitokea, mkono wa kulia hausimami, hata kama unapiga uzi wazi tu ili mizani isife. Nota mbovu wasikilizaji huisahau. Mizani ikikatika, hata mtoto aliyekuwa anacheza anageuka kutazama.

Na nyimbo 14 ni nyingi mno kwa sasa. Bakiza tatu: moja ya Rasti, moja ya Bayati, na moja uipendayo hata kama ni ngumu. Nyingine ziache zilale, hazitakimbia.

Nimesikia pia mambo mawili ya udi wenyewe. Nyuzi zako nene zimekufa, zinatoa sauti ya bati. Wewe uko pwani kama mimi. Hewa ya chumvi inakula zile nyuzi zilizosokotewa waya hata kama hupigi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza na usingoje zikatike ndipo ubadilishe. Pili, nahisi nyuzi ziko juu sana kutoka shingoni, kwa namna unavyohema unaposhika nota za juu. Pale shingo inapokutana na tumbo la udi, pima nafasi kati ya ubao na uzi. Ikizidi milimita 4, mpelekee fundi anayejua ala za mbao, si seremala wa makabati. Vigingi vikiteleza, paka chokaa ya ubaoni kidogo kabla hujafikiria kununua vipya. Na ukiona ganzi au maumivu kwenye kifundo cha mkono, weka udi chini siku hiyo. Kuna vijana wanaojisifia maumivu, na baadhi yao wameacha kabisa kupiga.

La mwisho kabla sijachoka kuandika: mtafute mtu. Video zinakuonesha vidole vya mwenzio, haziwezi kuviona vyako. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alipotaka taarabu ya Misri hapa kwetu alimpeleka Mohamed Ibrahim huko kwenda kujifunza ganuni. Alipeleka mtu, hakuagiza vitabu. Na wewe uko Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Sitaki kuamini kwamba hakuna mzee hata mmoja aliyebaki pale mwenye udi, au japo gitaa na sikio la taarabu. Ulizia kwa heshima, nenda na kilo ya sukari. Ukipata likizo, vuka uje Unguja, kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichoanza mwaka 2002 kinachofundisha taarabu, na tuko sisi wengine tunaopiga jioni. Hata kwa mwezi mara moja, dakika ishirini za mtu anayekushika kifundo cha mkono zitakuokolea miezi.

Baada ya wiki sita nitumie sauti nyingine. Sitaki wimbo. Nataka ule mstari wa pili peke yake, mara tano, kwa mwendo wowote ulioufikia, hata kama ni 58. Na ile ya kwanza usiifute.